Vifo vya Kusimuliwa

Mwaka 2000 jarida la tiba la Uingereza liitwalo The Lancet lilitoa makala ya kurasa nne juu ya vifo vya kiharusi mjini na vijijini katika Tanzania. Mwandishi wa kwanza ni Richard Walker. Nyuma yake yamepangwa majina mengine, miongoni mwao Profesa Donald McLarty aliyefanya kazi Muhimbili, Kitange, na Mtasiwa ambaye baadaye alikuja kuwa Mganga Mkuu wa Serikali. Nimeisoma makala hiyo mara nyingi kuliko ilivyotazamiwa isomwe na mtu asiye daktari, mkazi wa Soni, mahali ambapo barabara itokayo Mombo hugawanyika, moja ikapanda Lushoto na nyingine ikaelekea Bumbuli. Nathubutu kusema ni moja ya maandiko ya maana sana yaliyopata kuandikwa juu ya watu wazima wa nchi hii. Vilevile naona kuna kitu kimeachwa nje yake, na kitu hicho ndicho kilichonifanya nishike kalamu.

Nianze na yaliyomo. Kati ya mwaka 1992 na 1995 watafiti walihesabu vifo katika sehemu tatu: mitaa kadhaa ya Dar es Salaam, vijiji vya wilaya ya Hai penye migomba na kahawa, na vijiji vya Morogoro Vijijini ambako umaskini ni mkubwa zaidi. Vilipatikana vifo 11,975. Kati ya hivyo, 7,629 vilikuwa vya watu wenye umri wa miaka 15 na kuendelea, na katika hao watu wazima, 421 waliuawa na kiharusi, yaani wanaume 225 na wanawake 196.

Watu 421 katika 7,629 ni kama mmoja katika kila kumi na wanane. Mtu aweza kuuliza, kelele za nini? Jibu limo katika jedwali linalofuata. Watafiti waliwatenga wenye umri wa miaka 15 hadi 64, yaani watu wa kulima, kufundisha, kuendesha magari na kulea watoto, wakatafuta ni wangapi kati ya kila 100,000 hufa kwa kiharusi kila mwaka. Dar es Salaam wanaume walikuwa 65 na wanawake 88. Hai wanaume 44 na wanawake 33. Hata Morogoro Vijijini wanaume walifika 35. Kisha wakaweka kando hesabu ya Uingereza na Wales ya mwaka 1993: wanaume 10.8, wanawake 8.6. Mwanamke wa Dar es Salaam aliye katika umri wa kufanya kazi alikuwa akifa kwa kiharusi mara kumi zaidi ya mwenzake wa Uingereza. Nasi tulikuwa tumezoea kuambiwa kwamba hayo ni maradhi ya Wazungu na matajiri, maradhi ya watu wanene wenye kukaa vitini.

Msomaji mwangalifu atataka kujua hesabu hizo zimesimama imara kiasi gani. Waandishi hawakumficha. Ile 88 ya wanawake wa Dar es Salaam wameiandika pamoja na mipaka yake: kitakwimu yaweza kuwa 48, yaweza pia kuwa 128. Mwanya huo ni mpana. Lakini chukua hiyo 48 iliyo ya chini kabisa, uipeleke Uingereza: bado ni zaidi ya mara tano. Napenda uandishi wa namna hii, unaokupa nafasi ya kuupunguza nao ukabaki na uzito.

Kazi hii ilitoka katika mradi mkubwa zaidi, ule wa maradhi na vifo vya watu wazima ulioanza mwaka 1992 chini ya Wizara ya Afya kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Newcastle, ukajulikana kwa herufi zake za Kiingereza, AMMP. Hapana budi tukumbuke hali ya miaka ile. Afya ya jamii, kwa maana iliyokuwa ikipewa fedha, ilikuwa afya ya mtoto na ya mama mjamzito: chanjo, mizani ya kupimia watoto, maji ya chumvi na sukari kwa anayeharisha. Siilaumu, watoto walikuwa wakifa kwa wingi. Lakini mtoto akishanusurika na kutimiza miaka 15, serikali ilikuwa kama imemaliza kazi naye. Hakuna aliyejua kwa hakika kinachomngoja.

Mwaka 1996 Kitange na wenzake wakachapisha katika jarida la BMJ hesabu ya hao walionusurika. Katika vijiji 59 vya Morogoro Vijijini, kijana wa kiume wa miaka 15 alikuwa na uwezekano wa asilimia 58 wa kufa kabla ya kufika miaka 60. Dar es Salaam asilimia 47. Hai, katika vijiji 47, asilimia 37. Kwa wanawake ilikuwa 48, 45 na 26. Katika nchi tajiri wastani ulikuwa 15 kwa wanaume na 7 kwa wanawake. Ukimwi ulikuwa na sehemu kubwa katika vifo hivyo, na kila aliyezika katika miaka hiyo analijua hilo bila jedwali. Hata hivyo nyuma ya Ukimwi palikuwa na vifo vingine ambavyo havikuwa na msemaji, na makala ya mwaka 2000 ndiyo iliyokuja kuvisemea.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe: walijuaje?

Watu wengi katika vijiji hivyo hawakufia mikononi mwa daktari, wala maiti zao hazikupasuliwa. Palipo na cheti cha kifo, mara nyingi kimeandikwa kwa ajili ya mirathi tu. Watafiti wakatumia njia ambayo kwa Kiswahili naweza kuiita uchunguzi wa kifo kwa mahojiano. Kifo kikitokea, mtu wa kijijini aliyepewa kazi hiyo hutoa taarifa. Baada ya muda, mhudumu wa afya aliyefunzwa huenda nyumbani kwa wafiwa, huketi na aliyemuuguza marehemu, humwuliza. Alianza kuumwa lini? Alipoteza nguvu upande mmoja? Ilikuja ghafla au polepole? Aliweza kusema? Alipata kuambiwa kwamba ana presha au sukari? Kadi ya kliniki kama ipo hutolewa kabatini. Maneno hayo yote huandikwa katika fomu, kisha fomu hupelekwa kwa madaktari ambao hawakumwona marehemu, nao huamua amekufa kwa ugonjwa gani.

Nikiitazama njia hii kwa jicho la msomaji wa hadithi kuliko la mtaalamu wa takwimu, naona ni ushahidi wa ajabu. Chini ya kila moja katika ile 421 pana masimulizi. Mke alisimulia, au dada, au mtoto mkubwa. Alisimulia kwa maneno yake, naye mwulizaji akatafuta kisanduku cha kutia alama. Sayansi hii ambayo sisi tulidhani imejengwa kwa vioo na mashine, hapa imejengwa kwa neno la mwanamke aliyekaa mkekani. Hilo si dogo. Kwa karne nzima maradhi ya Waafrika yaliandikwa kwa kuwapima damu na kinyesi bila kuwasikiliza. Hapa wamesikilizwa, na walichosema kimefika London kikiwa ni hesabu.

Lakini ushahidi wa maneno una tabia moja. Huona vizuri kile chenye jina.

Kiharusi kina jina. Mtu akianguka, mdomo ukaenda upande, mkono na mguu vikafa, hakuna mzee wala mtoto wa kijiji atakayeshindwa kusema kuwa huyu amepooza. Ugonjwa wenyewe unajionyesha mwilini kama maandishi. Sasa mlinganishe na mtu ambaye moyo wake umechoka kwa miaka kumi ya kusukuma damu yenye shinikizo kubwa. Miguu imevimba, pumzi zinamkatika akilala, halafu siku moja asubuhi hakuamka. Wafiwa watasema nini? Watasema alivimba. Watasema alikuwa na pumu. Watasema amekufa ghafla. Au yule ambaye figo zimeharibika kwa shinikizo hilohilo: alikonda, alitapika, alichanganyikiwa. Maelezo ya namna hiyo yaweza kuwa ya maradhi ishirini, na daktari anayesoma fomu akiwa mbali hana la kufanya ila kuandika kwamba sababu haikujulikana, au kukisia. Kwa hiyo ile 421 naiamini. Sidhani kama wengi katika hao walihesabiwa bure. Ninalosema ni kwamba shinikizo la damu liliua watu katika vijiji vile kwa milango mitatu au minne, na njia iliyotumika ilikuwa na taa kwenye mlango mmoja tu. Makala inazungumzia udhaifu wa mahojiano kama suala la usahihi, yaani ni mara ngapi jibu hulingana na ukweli. Hilo ni sawa. Haizungumzii kwamba usahihi wenyewe umegawanywa na lugha: kwamba maradhi fulani Kiswahili kimeyapa jina na mengine kimeyaacha bila jina. Fomu na majadiliano yamewekwa kwa Kiingereza kizuri, na neno la mfiwa halikubaki popote.

Jambo hili laweza kuonekana kama ugomvi wa mwalimu wa lugha. Naomba nilieleze kwa mfano wa hapa kwetu.

Shangazi yangu mmoja alifariki katika kijiji cha jirani, si mbali na Soni. Siku ya tatu ya msiba nilikaa na kusikiliza jinsi kifo chake kilivyokuwa kikisimuliwa. Binti yake alisema mama alikuwa na presha tangu zamani, ila ile ya kushuka, na ndiyo maana alikuwa akipewa chai yenye sukari nyingi. Mdogo wake alisema hapana, alikuwa na mawazo, tangu shamba la mtoni liingie kesi. Mjomba, ambaye ndiye aliyelipa gari la kumpeleka hospitali, alisema wazi kwamba kuna mkono wa mtu, na kwamba wangeanza kwa mganga asingekufa. Katika mkoba wa marehemu palikuwa na daftari la zahanati lenye vipimo vitatu vya shinikizo la damu vilivyoachana kwa mwaka mzima na zaidi, vyote vikubwa mno. Niliviona. Karibu na kila kimoja dawa ileile ilikuwa imeandikwa, ya siku thelathini. Vidonge vya mara ya mwisho vilibaki zaidi ya nusu.

Mhudumu mwenye fomu angekaa na nani kati ya hao watatu? Mwanahistoria Steven Feierman, ambaye ameishi na kufanya utafiti katika nchi hii ya Wasambaa tangu miaka ya 1960, alipata kuandika kwamba huku uamuzi wa tiba hauko mikononi mwa mgonjwa peke yake wala mwa mganga. Uko mikononi mwa jamaa. Wao ndio wanaoamua aende hospitali au kwa mganga, au kote kuwili, na nani alipe. Aliyeishi Usambara hahitaji kushawishika juu ya hilo. Maana yake ni kwamba masimulizi ya kifo huwa pia ni kesi. Kila msemaji anatetea uamuzi alioutoa wakati mgonjwa yu hai. Fomu inamwuliza shahidi mmoja. Kifo kina mashahidi wengi wasiopatana.

Na kuna neno lenyewe, presha. Katika Kiswahili cha kila siku presha si kipimo, ni hali ya mtu. Mtu hupandwa na presha kwa habari mbaya, kwa mtoto aliyefeli, kwa deni. Ikishapita, imepita. Presha husikika: kichwa kinagonga, moyo unakwenda mbio, macho yanaona giza. Na kwa kuwa hupanda, basi hushuka pia, na kila moja ina dawa yake. Mwanaanthropolojia Hanne Strahl alichapisha mwaka 2003 utafiti juu ya tafsiri hizi katika Dar es Salaam. Sasa mtu mwenye ufahamu huo, na ni ufahamu wenye mantiki yake, akiambiwa ameze kidonge kila siku mpaka mwisho wa maisha yake kwa ajili ya kitu asichokisikia, anafanya nini? Anameza siku anapokisikia. Shangazi hakuwa mjinga wala mkaidi. Alikuwa mtiifu kwa neno kama alivyolijua.

Hapo ndipo penye tatizo la kinga kwa watu wazima. Shinikizo la damu, kwa maana ya kidaktari, kwa kawaida halina dalili yoyote mpaka siku linapoharibu kitu. Chanjo ya mtoto huchomwa mara chache, kazi ikaisha. Chandarua huwekwa. Kinga ya kiharusi ni mazungumzo ya miaka thelathini kati ya mtu mzima na zahanati, na mazungumzo hayo hufanyika kwa maneno.

Mwaka uleule wa 2000, mradi uleule ulitoa katika jarida jingine matokeo ya kupima shinikizo la damu katika eneo la Ilala jijini na kijiji cha Shari huko Hai. Ilala wanaume wenye shinikizo kubwa walikuwa asilimia 37.3 na wanawake 39.1. Shari wanaume 26.3, wanawake 27.4. Hayo yalikuwa mapya na yalistahili kutangazwa. Lakini mstari ulionikaa kichwani uko chini zaidi. Kati ya hao wenye shinikizo kubwa, wasiofika asilimia 20 ndio waliojua kuwa wanalo. Kama asilimia 10 tu walikuwa wakipata dawa. Na wale ambao shinikizo lao lilikuwa limeshuka hadi kiwango kinachotakiwa hawakufika asilimia moja.

Soma tena. Katika kila watu mia wenye ugonjwa, hapati mmoja aliyetibiwa akatibika. Kati ya kumi waliokuwa tayari wamefika zahanati, wamepimwa, wameambiwa na kupewa dawa, tisa au zaidi walikuwa kama hawakwenda. Hawa walikuwa wamekwisha tembea njia ndefu. Ukosefu wa kipimo haukuwa tatizo lao, walikwisha kupimwa. Ukosefu wa dawa na bei yake ni sehemu ya jibu, wala sitaki kuonekana napuuza umaskini kwa kupenda mambo ya lugha. Ila sioni kuwa bei peke yake inaweza kubeba tofauti yote hiyo.

Ningalitazamia kwamba baada ya mstari huo utafiti ungegeuka uso, uwafuate hao kumi. Ukae nao nyumbani, uone kidonge kinakwenda wapi, uulize kwa nini. Yaliyofuata kwa wingi yalikuwa vipimo vingine. Mwaka 2012 uchunguzi wa taifa ulipata kwamba mtu mmoja katika wanne wa umri wa miaka 25 hadi 64 ana shinikizo kubwa. Mwaka 2013 wakatoka tena na hesabu ya wazee wa Hai: kati ya watu 2,223 wenye miaka 70 na zaidi, karibu asilimia 70 walikuwa nalo, na waandishi wakalalamika kwa haki juu ya ufa mkubwa uliopo kati ya kugunduliwa, kutibiwa na kudhibitiwa. Ni ufa uleule wa mwaka 2000. Kupima ni kazi safi: unakwenda, unafunga kitambaa mkononi, unaandika, unaondoka, na jarida linapokea. Kumfuata mtu kwa miaka ni kazi chafu, ya gharama, na matokeo yake mara nyingi ni hadithi zisizokaa katika jedwali.

Haki iliyo yao niwape. Mwaka 2008 Gerry Mshana na wenzake, Walker mwenyewe akiwamo, walichapisha utafiti wa jinsi watu wanavyokieleza kiharusi. Dar es Salaam wengi walikihusisha na mapepo na uchawi, na huko Hai zaidi na sababu za kimwili. Hiki ndicho kitu nilichokuwa nikikitafuta katika makala ya mwaka 2000: sauti. Angalia hata kinavyopindua dhana zetu. Tungetazamia mjini ndiko watu wawe wa hospitali na shambani wawe wa mapepo, ikawa kinyume. Lakini kazi hiyo ilikuja miaka minane baadaye, katika jarida jingine, kwa wasomaji wengine. Anayesoma takwimu hasomi masimulizi, na anayesoma masimulizi mara nyingi huzionea haya takwimu. Kazi zote mbili zilitokana na watu walewale wa vijiji vilevile, hata hivyo hazikupata kuketi kwenye ukurasa mmoja.

Mtu wa Usambara ana sababu nyingine ya kuyatazama haya kwa makini. Milima yetu si migeni kwa watafiti. Wajerumani walianzisha taasisi yao Amani, upande wa mashariki wa milima hii, mwaka 1902. Kwa kilimo kwanza, na baadaye, wakati wa Waingereza, Amani ikawa makao ya utafiti wa malaria, hadi ikaingia katika Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Vijiji vilipangwa kuanzia bondeni hadi kileleni na mbu wakahesabiwa. Utafiti uliotolewa mwaka 2003 ulionyesha kuwa maambukizi ya malaria hupungua zaidi ya mara 1,000 mtu apandapo kutoka chini hadi juu, kitu ambacho wazee wetu waliojenga juu na kulima chini walikijua bila kuhesabu. Tangu mwaka 1980, tauni ilipozuka Lushoto na kurudi mwaka baada ya mwaka kwa zaidi ya miongo miwili, wakaja wa panya na viroboto, pamoja na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Mitego ikatandazwa mashambani na majumbani. Waliokufa kwa tauni walihesabiwa kwa majina, nasi twashukuru.

Ukivijumlisha vyote utaona kuwa utafiti umepanda milima hii ukimfuata mdudu. Palipo na kitu kinachouma, pana mtaalamu wake. Mtu mzima mwenyewe, na moyo wake na figo zake, hana mdudu, kwa hiyo hakuwa na sababu ya kufuatwa. Mradi wa AMMP ulipochagua wilaya zake tatu haukuichagua Lushoto, na silalamiki, kwani ilibidi wachague. Lakini wilaya walizochagua ziliwakilisha tajiri, maskini na mji. Mahali kama Soni ni vyote vitatu kwa pamoja. Siku ya gulio utawaona wanawake wakishuka na mizigo ya kabichi na karoti vichwani, kwa njia za mteremko ambazo kijana wa mjini hawezi kuzipanda mikono mitupu. Malori yanapakia jioni, alfajiri yako Dar es Salaam. Kijana huenda na mzigo, akakaa Kariakoo miezi sita, akarudi na simu, soda na chipsi. Mwingine haji tena mpaka aletwe.

Huyu ni wa jedwali lipi? Mjadala wa kisasa juu ya maradhi yasiyoambukiza hupenda kusema kuwa chanzo ni kuacha jembe na kuhamia mjini. Yaelekea ni kweli kwa sehemu. Mwaka 1989 McLarty na wenzake walipima kisukari vijijini katika Tanzania wakakikuta kwa watu wasiofika hata mmoja katika mia, nao waliupata ukweli wa wakati huo. Ugonjwa haukuwa umefika kwa wingi. Lakini shinikizo la damu halikungoja mji. Wakulima wa Shari, watu wa jembe na kutembea kwa miguu, walikuwa nalo zaidi ya mmoja katika kila wanne. Kwa hiyo ushauri wa kupunguza mafuta, kutembea na kupunguza uzito, ambao huja katika mabango ukiwa na picha ya mtu mnene aliyevaa viatu vya michezo, unamwambia nini yule mama wa kabichi? Yeye anatembea kuliko daktari wake. Ataitazama picha, ataona si yeye, na atahitimisha kwamba ugonjwa huo si wake. Chumvi ingekuwa neno la kuanzia, kwa maana chumvi iko jikoni mwake, ila sijaona bango liulizalo ni kiasi gani humwagwa katika sufuria ya makande.

Watafiti wa kiharusi walirudi. Kuanzia mwaka 2003 hadi 2006, Walker na wenzake walikaa Hai na Dar es Salaam wakiwatafuta wagonjwa wapya wa kiharusi wakiwa bado hai, badala ya kungoja masimulizi ya msiba. Wale waliofariki kabla ya kufikiwa waliendelea kujulikana kwa mahojiano ya wafiwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010. Hai, katika watu 159,814, waliugua 453 kwa miaka mitatu. Dar es Salaam, katika watu 56,517, waliugua 183. Ukigawa hivihivi miji na vijiji vinakaribiana: 94.5 na 107.9 kwa kila 100,000 kwa mwaka. Lakini Hai ina wazee wengi na Dar es Salaam ina vijana wengi. Hesabu zikisawazishwa kwa umri, Hai inakuwa 108.6 na Dar es Salaam 315.9, karibu mara tatu. Yaani umri uleule, damu ileile ya Kitanzania, na pengine mtu yuleyule aliyeondoka kijijini akiwa na miaka ishirini.

Kazi hii naiona bora kuliko ile ya mwaka 2000, kwa sababu moja: mgonjwa aliweza kuulizwa mwenyewe. Mwaka 2013 wakatoa pia orodha ya vinavyowatangulia wagonjwa hao, na shinikizo la damu likawamo, pamoja na sigara na virusi vya Ukimwi. Lakini nilipofika kwenye ukurasa huo nilitafuta jambo moja. Kati ya waliopooza, wangapi walikuwa wameambiwa zamani kwamba wana presha, na neno gani hasa lilitumika siku ile walipoambiwa, na nani alikuwa ameketi nao?